Likizo ya Kumlimia Mkwe

Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini hakuna iliyonishangaza kama ile ya kusafiri kutwa nzima juu ya magunia ya mchele, kutoka Mbeya mpaka Iringa, kwenda kumwomba mtu amkatalie rafiki yangu likizo. Si kumkubalia. Kumkatalia. Wajukuu wangu wakinisikia hudhani nimetia chumvi, na kwa kawaida huwa nimetia, tena mkono mzima. Hapo tu sikutia hata punje.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, ile iliyofundishwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, watu wazima na ndevu zao tumebanana kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa masikio. Nilipopata cheti nilimwonyesha kila mtu mwenye macho, na wachache wasio nayo niliwasomea. Kwa cheti hicho kampuni moja ya malori ikanipa kalamu, meza yenye miguu mitatu na jiwe, na kazi ya kuandika nani amefika karakanani na nani hajafika. Makao makuu ya kampuni yalikuwa Iringa. Sisi wa Mbeya tulikuwa tawi, na tulikuwa na matope kuliko tawi lolote duniani.

Kwa kuwa niliandika mahudhurio, watu wote waliniuliza mambo ya likizo. Kanuni yenyewe haikuwa ngumu. Kila mfanyakazi alikuwa na wiki mbili kwa mwaka. Asipozichukua mpaka Desemba ikaisha, kampuni ilizinunua: alipewa fedha badala ya mapumziko, na wiki zake zikawa zimekufa. Hazikuvuka kwenda mwaka mwingine, isipokuwa kama kampuni yenyewe ndiyo iliyomzuia kwa sababu ya kazi. Hapo zilivuka, mara moja tu. Wengi waliuza, na waliuza kwa furaha. Desemba ilikuwa mwezi wa viatu vipya, na karakana nzima ililia kwa ngozi mpya kama zizi la ndama.

Rafiki yangu, fundi wa injini, ndiye peke yake ambaye hakuuza. Tulipanga chumba kimoja. Alikuwa Mbena wa Njombe, mtu mkimya kiasi kwamba ukikaa naye kwa muda unaanza kusikia mawazo yako mwenyewe na kuyachoka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameomba likizo, akazuiwa kwa sababu malori yalikuwa yamekwama kila mahali, kwa hiyo wiki zake mbili zilivuka. Akiziongeza na mbili za mwaka ule, alikuwa na mwezi mzima. Sidhani kama hata gavana alikuwa na siku nyingi kama zile.

Alizitaka zote, kwa sababu ya msichana. Nyumbani kwao msichana huyo kulikuwa kule juu mlimani, kwa Wasafwa, na alikuwa akiteremka sokoni na viazi. Fundi akawa mnunuzi wa viazi. Alinunua mpaka chumba chetu kikawa ghala. Tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, nami nikaanza kunuka udongo. Siku moja akaniambia, bila kunitazama, kwamba wazee wake wako mbali na anahitaji mshenga. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mtu wa shule ya jioni akiombwa kuzungumza kwa niaba ya mwenzake haulizwi mara mbili.

Tukapanda mlima. Baba wa msichana alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti zito ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alilima viazi na pareto, na juu zaidi alikuwa na shamba la ulezi. Nilitoa hotuba nzuri. Aliisikiliza yote, halafu akamtazama fundi kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

"Huyu ni Mbena," akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini Mbena mzuri."

"Wapo wabaya?"

"Hapana, mzee. Nilitaka kusema tu kwamba..."

"Angekuwa wa hapa ningewauliza majirani. Wa huko nitamuuliza nani? Nitaliuliza jembe."

Kwao ilikuwa hivyo. Kijana anayetaka binti humlimia baba yake kwanza, na anayetoka mbali hulimishwa mwezi mzima, analala pale, anakula pale, na anatazamwa. Habari za ng'ombe zingekuja baadaye, wazee kwa wazee. Nikaona hapo ndipo pa kung'ara. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana mwezi mzima wa likizo, na kwamba kampuni itamlipa mshahara wake kama kawaida.

"Analipwa na kazini hayupo?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana ya likizo."

Akafikiri kidogo. "Basi wenyewe huko hufurahi msipokuwepo."

Nikakimbilia kuuliza mvua inaanza lini.

Tulikubaliana kwamba fundi aanze mara mvua itakapolainisha ardhi. Kwa kawaida ingekuwa Novemba. Mwaka ule mvua ikatuchezea. Kila asubuhi mawingu yalikuja, yakautazama mji, yakaondoka. Ardhi ilikuwa ngumu hivi kwamba ukidondosha kijiko kinaruka na kurudi mkononi. Kila Jumatatu fundi alisimama mbele ya meza yangu.

"Nianze?"

"Mzee amekuita?"

"Bado."

"Basi bado."

Akarudi kwenye injini zake, na mwezi wake wa likizo ukaanza kuyeyuka kutokea upande wa Desemba. Mvua ilipokuja ilikuwa Desemba yenyewe. Ukihesabu mwezi kutoka hapo, nusu yake inaangukia Januari, na siku za Januari zilikuwa siku ambazo kampuni ingezinunua Desemba ikiisha. Fundi alihesabu kwa vidole vyake vyeusi vya grisi, akakaa kwenye tairi.

Hapo karakana ikaingilia. Mchomeleaji wetu, Mnyakyusa mwenye sauti ya ng'ombe dume, ndiye aliyeleta wazo. Sisi karakanani tulikuwa na desturi yetu: lori likiharibika vibaya na safari inangojwa, hakuna fundi mmoja, wote tunaliingia, huyu chini, huyu juu, huyu anashika taa, na kazi ya wiki inaisha kabla ya chai.

"Shamba ni nini?" akasema. "Ni injini imelala chini. Mwezi mmoja wa mtu mmoja ni siku moja ya watu thelathini. Tukiingia wote Jumamosi mchana, mwenzetu anamaliza deni lake, anabakiwa na likizo ya kulala."

Hesabu ilikuwa safi. Mimi mwenyewe niliithibitisha kwa kalamu. Jumamosi tulipotoka kazini tukapanda mlima wote, mafundi, madereva, mataniboi wao wa kupakia mizigo, tukiwa na majembe ya kuazima. Mzee alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Tukaliingia shamba la viazi tukiimba. Namwambia msomaji, udongo ulikuwa unaruka mpaka ndege walikuwa wanapita wamefumba macho. Jua lilikuwa bado halijashuka tulipomaliza, na tukakaa kando ya matuta kungoja sifa.

Mzee alirudi. Akasimama mwanzo wa shamba, akatembea mpaka mwisho, akarudi.

"Nani amelima?"

"Sisi, baba," akajibu mchomeleaji. "Kazi ya mwezi mzima, mchana mmoja. Mkweo hana deni."

"Na mimi nitamtazama lini?"

Mchomeleaji akaanza kufuta udongo kwenye jembe la kuazima.

"Nani aliwaambia nina shida ya kulimiwa? Shamba hili nalilima tangu nyinyi hamjazaliwa. Nilitaka kumwona huyu akichoka. Asubuhi ya ukungu anaamkaje. Akiwa na njaa anawajibuje watu. Sasa mmemficha katikati yenu. Nimewaona nyote. Yeye sijamwona."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha togwa. "Mimi huyu wa kalamu nimemwona, baba," akasema. "Kalima tuta moja, nalo limekwenda kama linatafuta njia ya kurudi mjini."

Wenzangu wakacheka, wasaliti wale. Mzee hakucheka.

"Kuna shamba la juu, la ulezi," akasema. "Ataanza Jumatatu. Peke yake. Mwezi mzima. Mchumba aliyemtangulia aliondoka siku tatu kwenda kutazama mpira, akarudi akakuta tumeshamsahau jina. Mwambieni."

Alisema "mwambieni" huku fundi amesimama mbele yake.

Tuliteremka na majembe mabegani. Msichana alitusindikiza mpaka kijitoni, na hapo mchomeleaji, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na jambo moja tu kwa siku, akaleta wazo la pili. Fundi auze zile wiki mbili za mwisho kwa kampuni, na kwa fedha atakayopata amwajirie mzee vibarua wa mwaka mzima.

Msichana akaweka kibuyu chini. "Ukiuza siku zangu," akamwambia fundi, "usisahau kunijulisha bei."

"Siziuzi," akasema fundi.

Ni neno moja, lakini kwa mtu yule ilikuwa hotuba.

Jumatatu alianza. Na mimi, kwa kuwa mshenga husema pande zote mbili, nikaona sasa ni zamu ya kwenda kusema upande wa kampuni. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda lori la mchele. Pale Chimala tuliongeza magunia mengine mpaka nikawa karibu na mawingu kuliko na dereva. Barabara ya Usangu ilikuwa imeanza kulowa. Udongo ule mweusi ukishika tairi hauliachii mpaka uambiwe kwa heshima. Makambako baridi ilinikuta bila koti, na nilipofika Iringa masikio yangu yalikuwa yanalia nikiyagusa, kama vikombe.

Nililala mtaa wa Mlandege, kwa kaka wa dereva, na asubuhi nikapanda ofisini. Aliyeshughulikia likizo alikuwa karani mkuu, mtu mzima mwenye asili ya pwani, kanzu safi, kofia iliyofumwa vizuri, na Kiswahili ambacho kilikufanya uone aibu ya chako. Alinipa kiti. Akaagiza chai. Nikaeleza kila kitu, viazi, jembe, mvua, ulezi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta miwani.

"Kijana wangu, kanuni unaijua. Mwaka jana tulimzuia, siku zikavuka. Mwaka huu nani kamzuia?"

"Mvua, mzee."

"Mvua haijaajiriwa hapa."

"Basi mkatalieni nyinyi."

"Nini?"

"Ile ya Januari. Mkatalieni sasa, Desemba, ili ivuke."

Alivaa miwani akanitazama vizuri. "Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu. Watu hunijia kuomba wakubaliwe. Wewe ni wa kwanza kuniletea mtu akataliwe, tena umekuja juu ya mchele."

"Ndiyo, mzee."

"Siwezi. Hakuomba, na kazi haijamzuia. Nikiandika kuwa tumemzuia nitakuwa nimeandika uongo."

"Na mtu akiwa likizoni, mkamwita arudi?"

"Hapo ni kweli. Akiitwa kwa kazi ya dharura, siku zake zilizobaki zinahesabiwa tumemzuia. Hizo zinavuka."

"Basi mwiteni."

"Kwa kazi gani?"

"Yoyote, mzee."

"Nikimwita mtu kutoka likizoni kwa kazi ambayo haipo, mwenye kampuni ataniita mimi kutoka kazini, nisirudi." Akanimiminia chai nyingine, na sauti yake ikashuka. "Mwambie auze. Fedha ni fedha, na Krismasi hiyo."

"Mzee mwenyewe ungeuza?"

Nilisema bila kufikiri, kama kawaida yangu. Hakukasirika. Alizungusha kijiko kikombeni, nami nikajua amekwisha kukoroga ila anataka kitu cha kufanya.

"Mimi nauza kila mwaka. Mama yangu yuko pwani. Nauza wiki zangu, namtumia fedha. Ananishukuru sana, ananiombea dua, halafu mwisho anauliza nakuja lini." Akainua macho. "Mwenzio asiuze. Hilo nakwambia kama mzazi. Lakini kama karani sina la kumfanyia."

Nikarudi Mbeya na jibu hilo, nikapanda mlima moja kwa moja kulipeleka. Jioni ile, mbele ya mzee na mke wake na binti, nilisimulia safari yote, hata kanuni nikaieleza, na nadhani niliongeza simba wawili njiani. Mama wa msichana alicheka mpaka akashika ubavu. Mzee aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo aliyeitwa hana kosa. Aliyeondoka mwenyewe ndiye mwenye kosa."

"Ndivyo kanuni inavyosema, mzee."

"Hm," akasema, akachochea moto.

Fundi hakuwepo kwenye moto ule. Mchumba wa kulima alikula nje na kulala kwenye kibanda cha viazi. Nilimkuta huko amejifunika magunia, mikono imevimba. Nikamwambia Iringa wamekataa kukataa. Akasema ataendelea mpaka Desemba iishe, na Januari ikifika atachagua kati ya kazi na jembe. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu nilijua fundi yule bila injini angekauka kama mti uliong'olewa, na bila yule msichana vilevile.

Wiki ya Krismasi mvua ya Usangu ikamwagika yote kwa pamoja. Siku mbili baada ya sikukuu simu ikalia karakanani. Lori letu, limejaa mizigo, limezama karibu na Chimala, na katika kujikwamua limevunja giaboksi. Karani mkuu mwenyewe alikuwa kwenye waya, sauti inakuja na kwenda. Fundi wa Mbeya aitwe kutoka likizoni mara moja.

Baadaye taniboi mmoja wa Iringa alinieleza kwamba nao kule walikuwa na fundi wa giaboksi, na siku hiyo alikuwa amekaa barazani anakunywa chai. Labda Mbeya tulikuwa karibu zaidi na lori. Labda karani mkuu aliona hatimaye amepata dharura ya kweli, isiyohitaji uongo. Sikumuuliza, wala hakuniambia.

Nilipanda mlima nikikimbia, kwa kipimo changu cha kukimbia. Ukungu ulikuwa mzito hata nilimsikia fundi kabla ya kumwona, jembe likipiga, likitulia, likipiga. Mzee alikuwa analima upande wa pili, ngwe kwa ngwe naye. Ndivyo walivyofanya tangu mwanzo: kila asubuhi mzee alipima ngwe mbili, kipande hiki chako, kipande hiki changu, na hakuna aliyegusa cha mwenzake.

Nikasema ujumbe. Fundi akasimamisha jembe.

Mambo yalikuwa wazi kwetu sote watatu. Akienda, siku zake zinavuka, Januari ni yake, na kazi yake iko salama. Lakini akienda, ameacha jembe katikati ya mwezi, na mzee alishatuambia yaliyompata aliyetangulia.

"Ameitwa," mzee akaniuliza, "au mmeomba aitwe?"

"Mimi niliomba, mzee, kama unakumbuka. Wakakataa. Sasa wameitwa na matope."

Mzee akamgeukia fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisema naye bila kupitia kwangu.

"Unarudi lini?"

"Sijui, baba. Mpaka lori litoke."

"Mimi sikukufukuza," akasema mzee. "Na sikukuruhusu."

Akarudi kwenye ngwe yake. Msichana alikuwa ameleta chakula cha mchana. Alikifunga upya katika majani ya mgomba, akampa fundi akale njiani, bila kusema lolote. Kwa msichana yule aliyekuwa na neno kwa kila mtu, kimya kile kilinitisha kuliko maneno ya baba yake.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa mateso. Nikiandika mahudhurio nilimwandika marehemu mmoja kuwa amefika. Jumapili ilipofika, baada ya ibada, nikanunua sukari na majani ya chai nikapanda mlima kwenda kumwombea. Nilikuwa na hotuba ya kuliza mawe.

Mzee hakunipa nafasi. Alinipokea, akasema, "Twende shambani."

"Leo Jumapili, mzee."

"Hatuendi kulima. Tunaenda kutazama."

Shamba la ulezi lilikuwa limelimwa karibu lote, jeusi, limetulia. Lakini katikati ya weusi ule palibaki vipande vya majani mabichi, kimoja kwa kila siku ambayo fundi hakuwepo, vimepangana na ngwe za mzee, moja imelimwa, moja haikuguswa. Alikuwa amelima na kuruka, akalima na kuruka. Niliona ni mashtaka. Niliona amemwandikia kijana wa watu kosa lake juu ya mlima, kwa herufi za majani, ili kila apitaye asome.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, mzee. Niache nizilime mimi kesho. Mshenga ni kama yeye."

"Hapo si pako."

Alisema polepole, kama unavyomwambia mgeni anayetaka kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hotuba yangu yote ikanitoka kichwani. Tukabaki tumesimama, mimi na sukari yangu.

Ndipo msichana, aliyekuwa ametufuata nyuma, akasema, "Yule anakuja."

Alikuwa anapanda kutoka bondeni, na kama si mwendo wake nisingemjua. Alikuwa matope kutoka nyweleni mpaka kwenye kucha, matope meusi ya Usangu yaliyokauka na kupasuka, na kwenye mipasuko ndipo ulipoona kuwa ndani kuna mtu. Lori lilitoka alfajiri. Lilimshusha Mbeya mjini, nyumba yetu iko palepale karibu na karakana, kitanda kipo, maji yapo. Hakuingia. Alipita moja kwa moja akapanda mlima.

Akafika, akavua kofia. Akaviona vipande vile vya majani.

"Baba," akasema, "nimechelewa."

"Hizo ni zako," mzee akasema, akionyesha kwa kidevu. "Nimeziruka kila siku. Nisingeweza kulima ngwe ya mtu aliyeitwa. Kesho uanze na ile ya kwanza, majani yake yamekomaa."

"Kwani ziwe za nani?" msichana akadakia, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Kila jioni baba ananiuliza, ile kanuni ya yule mzee wa Iringa inasemaje tena, na mimi namsomea kama katekisimu. Nimechoka na kanuni yenu."

Fundi akanyoosha mkono kuchukua jembe lililokuwa limeegemezwa pale kwenye kisiki, kana kwamba angeanza palepale.

"Leo Jumapili," mzee akamwambia. "Weka. Na kule kwenye kibanda usiende. Utaniharibia viazi kwa matope hayo. Mama yenu ameweka maji ya moto. Uoge, uingie ndani uote moto."

Niliisikia "mama yenu" hiyo. Fundi naye aliisikia, kwa sababu alisimama na jembe mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka jembe chini. Binti akaliondoa mkononi mwake, akalirudisha kwenye kisiki, akamsukuma kidogo mgongoni kuelekea nyumbani, na vipande vya udongo wa Usangu vikadondoka njia nzima mpaka mlangoni.

Waliingia, mzee akiwa wa mwisho, na mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi. Nikajua kazi ya mshenga imekwisha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuniaga.